Njia ya Duara la Mawe Inapita kwa Ng'ombe

Vijana wa Stanmore ya Landani, mmenipigia simu mkiniuliza tiketi za lile duara la mawe la Ireland zinakatwa wapi. Mnasema mmetafuta kwenye simu zenu hamkuona. Hamtaona, kwa sababu hazikatwi. Lakini nikiwajibu hivyo tu mtafika na basi zima la watu, mtakuta geti, nyuma ya geti mtakuta ng'ombe, na hapo hamtajua la kufanya. Basi kaeni niwaeleze. Najua wengi wenu Kiswahili mnakisikia vizuri ila mkijibu mnajibu kwa Kiingereza. Safari hii msinijibu, someni tu, na mkikwama mumuulize bibi yenu. Pengine naye alikuwa kwenye basi langu.

Mimi ni Gulbanu, mzaliwa wa Mombasa. Wanaonijua huniita Bi Gulu. Nimefanya kazi ya kutembeza watu kwa miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliwapeleka Ireland Wahindi wenzangu waliotoka Afrika Mashariki. Sikuwapeleka kutazama miji. Niliwapeleka mashamba, kwenye makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe makubwa kama milango ya majitu, kwenye visima ambako watu wa kule huenda kuomba dua, kwenye majabali yanayokatika ghafla juu ya bahari, na kwenye ile nchi ya mawe matupu ambako maua huchungulia kutoka kwenye nyufa. Namshukuru Mungu kwa kazi ile. Nalisema mapema, msije mkadhani huko mwishoni nimeshikwa na machozi ya uzee.

Nilifika Landani na mume wangu na watoto, pasipoti ya Kiingereza mkononi na koti la kuazima mgongoni. Mume wangu alipata kazi kiwandani. Mimi nilipata kazi ya kupiga chapa tiketi kwa bwana mmoja mwenye mabasi kule Thornton Heath, na siku ya Ijumaa, tiketi zikiisha, nilishika ufagio nikafagia mabasi yenyewe. Halafu wakaja wenzetu wa Uganda, waliofukuzwa na kuambiwa waondoke upesi, kila familia na masanduku yake machache. Vijana wao walitoka asubuhi kutafuta kazi. Wazee walibaki ndani, wameizunguka hita, pazia limefungwa, wanatazamana.

Bosi wangu alikuwa na safari ya Ireland ambayo haikujaa. Miaka ile Waingereza wengi waliogopa kwenda kule kwa sababu ya habari za mabomu. Siku moja akaniita.

"Gulu, nyinyi mna wazee wengi wamekaa bure. Lijaze basi hili, na safari ya Ireland itakuwa yako, utakuwa kiongozi wake. Lakini sikiliza. Nikipata lalamiko moja tu kutoka kule, Ireland naifuta na wewe unarudi kwenye mashine yako."

Nililijaza. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikanywa chai nyumba kwa nyumba, mpaka tumbo likawa ngoma. Kila mwana aliyekuwa na mama aliyeketi kimya alinipa mama yake.

Sasa niwaambie kuhusu dereva, maana bila yeye hakuna Bi Gulu. Bwana Seif alikuwa Mpemba. Kwao alikuwa karani wa serikali, mwenye mwandiko wa kupendeza. Baada ya mapinduzi akakimbia, akazunguka dunia, akaishia kwenye usukani Landani. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vya maktaba kuhusu mawe ya Ireland nikavimaliza, na safari ya kwanza, tulipotoka tu kwenye feri, nikashika kipaza sauti nikaanza: mawe haya ni ya kale kuliko piramidi, watu waliokuwa hivi, wafalme waliokuwa vile. Nikaona Seif ananitazama kwenye kioo.

"Dada Gulu," akaniambia taratibu, "weka hicho chombo. Watu wametoka kwenye meli, nusu yao wametapika. Choo kwanza, chai pili. Historia haina haraka, imeshangoja maelfu ya miaka."

Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii, na nimewaona watu wenye shahada wanashindwa nalo. La pili nilifunzwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa fundi wa majengo. Nilieleza kaburi la mawe kuanzia chini mpaka juu, akaniuliza, "Sawa mama, lakini hilo jiwe la juu walilipandishaje?" Nikasema hakuna anayejua kwa hakika. Nilidhani nimeaibika. Kumbe ndiyo nimewapa zawadi. Tangu hapo mpaka tulipolala, basi zima lilikuwa likilipandisha jiwe lile, huyu kwa magogo, huyu kwa mchanga, huyu kwa tembo wa Ireland waliokufa wote. Wanangu, mkishajua kila kitu, bakisheni kimoja msichokijua.

Mtaniuliza tulizungumza lugha gani. Kulikuwa na Wagujarati wa Kampala, Makalasinga wa Nairobi, Wagoa, Mabohora wa Unguja, na sisi Wakachi wa Mombasa. Kigujarati hakikufika kiti cha nyuma, na Kiingereza kiliwachosha wazee. Lugha iliyofika kila kiti ilikuwa Kiswahili, na kila mtu alikuwa na chake. Wa Unguja waliwacheka wa Kampala mpaka wakashika mbavu. Wa Kampala walisema hawa wa Unguja wanaongea kama wanaimba, bei wataelewana saa ngapi?

Mambo madogo ndiyo kazi yenyewe. Sari na ukuta wa mawe havipatani, kwa hiyo pale penye ngazi ya kuvukia ukuta, mmoja wenu atangulie na mmoja abaki nyuma, na msitazame juu. Viatu vya wazi vivalisheni mifuko ya plastiki, kwa sababu nyasi za kule hazikauki hata jua likiwaka. Mwavuli uacheni ndani ya basi, upepo wa majabalini utamchukua mwenye mwavuli pamoja nao. Na jueni kwamba watu wetu wakifika mahali walipozikwa watu huvua viatu. Sikuwafundisha mimi. Kwenye kaburi la kwanza tulilolitembelea, akina mama walivua viatu wakavipanga vizuri kwenye nyasi, kama mlangoni pa hekalu au msikitini, wakaingia na soksi. Ikaja familia ya Kiirelandi, baba, mama na watoto, wakaona viatu vile vimepangwa. Wakatazamana. Kisha nao wakavua vyao wakaviweka kwenye mstari. Seif alicheka mpaka akaenda kukaa nyuma ya basi.

Sasa twende kwenye duara. Liko kusini-magharibi, juu ya kilima kidogo chenye malisho, na kutoka pale bahari inaonekana kwa mbali. Mawe yake yamesimama kama wazee waliokaa barazani, mengine marefu, mengine yameinama. Mahali pengine pote palikuwa na mlima au ngazi. Hapa tu ndipo mzee mwenye magoti mabovu angeweza kutembea kutoka kwenye basi mpaka kwenye kitu cha kale, akakaa, akala chakula chake. Bila duara lile safari yangu ingekuwa ya kutazama Ireland kupitia dirishani. Lakini lilikuwa ndani ya shamba la mtu, na njia ilikuwa moja, kupitia getini kwake.

Mwenyewe aliitwa Declan, mtu wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache. Seif alishuka, akavua kofia, akaenda mlangoni kumwomba ruhusa. Alirudi na majibu.

"Kakubali. Ana mambo mawili tu. Geti tulifunge, na ng'ombe wake tusiwachokoze."

Nikayatangaza yote mawili kwa kipaza sauti. Niliyatangaza kwa Kiswahili na kwa Kigujarati. Wote wakaitikia.

Kwenye kiti cha mbele, nyuma ya Seif, alikuwa mama mmoja wa Masaka tuliyemwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Mwanawe aliniambia waziwazi kwamba tangu wafike Uingereza mama yake anakula, analala, anasali, na hasemi. Alinishika mkono akasema, "Dada, nirudishie mama anayesema, hata akinigombeza." Tangu Landani Ba alikuwa ameinamisha uso. Kwenye meli aliinamisha uso. Majabali yale yote yenye fahari aliyapita ameinamisha uso. Tulipokata kona ya kuingia shambani kwa Declan, Seif akaninong'oneza.

"Dada Gulu, Ba wako kanyanyua uso."

Na kweli. Ba alikuwa amesimama, amekamata chuma cha kiti.

"Simama! Simama hapa! Ngombe iko hapa!"

"Ba, tunasimama mbele kidogo tu, kwenye mawe," nikamwambia.

"Mawe ngoja. Mawe hapana kimbia."

Basi zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, kwa furaha ya kuisikia sauti yake. Sikujua ng'ombe wale watanigharimu nini.

Tulipita getini, tukalifunga, tukafuata kando ya ukuta. Mimi nilitangulia, nikiwaonyesha jiwe lililolala ubavu na jinsi jua linavyozama juu yake. Nyuma yangu nikasikia kimya, na kimya cha watu wetu ni jambo la kuogopa. Nikageuka. Ba alikuwa ameacha mstari. Alikuwa ametoa thepla kwenye mfuko wake, zile chapati nyembamba za majani ya uwatu, anamlisha ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, huku anamwongelesha kwa Kigujarati sikioni. Kisha akafungua kikopo kidogo cha kumkum, ule unga mwekundu ambao Wahindu hujipaka kwenye paji la uso, akauchanganya na samli kiganjani, na kwa kidole gumba akampaka ng'ombe alama katikati ya macho. Akarudi nyuma kutazama. Akaona paji la ng'ombe ni pana na alama ni ndogo. Akaongeza.

Kwao hilo ni jambo la kila siku asubuhi. Chapati ya kwanza ya nyumba huliwa na ng'ombe, ndipo watu wale. Akina mama wengine walipomwona Ba anatoa, nani angebaki nyuma? Mifuko ikafunguka. Na ng'ombe wa Ireland, wanangu, hawajawahi kuambiwa kwamba kuna chapati duniani. Kundi zima lilikuja mbio, mikia juu. Watu wangu wakakimbilia kwenye duara. Kila jiwe likawa na mtu nyuma yake, na kila mtu ana ng'ombe anamnusa. Wataalamu wamebishana sana mawe yale yaliwekwa kwa kazi gani. Siku ile yalifanya kazi.

Declan alikuja anakimbia na fimbo. Aliwafukuza ng'ombe mmoja mmoja, na alipofika kwa yule mwekundu akasimama. Akamtazama usoni. Akajaribu kuifuta ile alama kwa mkono wa koti. Samli ni samli. Kila alipofuta ilisambaa, mpaka baka jeupe lote likawa jekundu, na mkono wa koti pia.

"Nani kafanya hivi?"

Ba akajitokeza nyuma ya jiwe. Kiingereza chake chote kilikuwa cha maneno machache, naye akatoa moja. "Mi."

Declan akampita. Alinigeukia mimi. Alisema ng'ombe yule anampeleka mnadani wiki ileile. Wanunuzi wakimwona na rangi usoni watauliza ana ugonjwa gani, amepimwa nini, na hakuna atakayemgusa. Alisema alitukaribisha kwa masharti mawili, tukavunja moja mbele ya macho yake. Tutoke, tusirudi, na kufuli atalinunua jioni ileile. Kisha akatazama chini ya kilima, basi lilipoegeshwa, jina la kampuni na namba ya simu vimeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa.

"Na bosi wako nitamwambia mwenyewe."

Niliiona mashine ya chapa. Niliwaona wale wazee wote wanarudishwa kwenye hita zao, pazia linafungwa. Nikaomba radhi kwa Kiingereza, nikaomba tena, na Declan anatikisa kichwa. Seif alikuwa ameshaanza kuwakusanya watu kimya kimya. Ba peke yake hakuondoka. Alisimama ubavuni mwa ng'ombe, mkono wake shingoni kwa yule mnyama, machozi yanamtiririka bila sauti.

Hapo ndipo alipokuja mama yake Declan. Alikuwa ametuona kupitia dirisha la jikoni. Bi Nora alikuwa mzee, amevaa aproni na mabuti ya mpira, anatembea kwa fimbo. Hakunitazama mimi wala mwanawe. Alimtazama ng'ombe, kisha akamtazama Ba.

"Nani alimwambia kama leo Mei imeingia?" akauliza.

Sikumwelewa. Akarudia polepole, kwa sababu Kiingereza cha kule kina milima na mabonde yake. Alisema yeye alipokuwa msichana, Mei ikiingia, mama yake aliwafunga ng'ombe uzi mwekundu mkiani, asije mwenye husuda akaichukua baraka ya maziwa. Naye alifanya hivyo miaka yote, mpaka shamba lilipokuwa la mwanawe. Mwanawe alisema ni mambo ya kizamani, majirani wanacheka.

"Wewe mama!" Declan akasema, na masikio yake yakawa mekundu kama ng'ombe.

"Muulize," Bi Nora akaniambia mimi, "huyu analia nini?"

Nikamuuliza Ba. Na yule mama aliyekuwa hasemi akasema. Alisema kwa Kiswahili chake cha Masaka, nami nikawa ninatafsiri kipande kipande.

"Mimi iko na ngombe yangu kule. Kila asubuhi napa chapati, napaka hii. Siku ile ya kwenda, gari iko ngoja, mtoto iko ita Ba, Ba, twende. Mimi naenda nyuma ya nyumba. Napaka yeye hii. Nafungua kamba. Natoa kwa jirani. Yeye nafuata gari mpaka barabara kubwa. Halafu mimi hapana jua tena."

Bi Nora alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu Landani aliyewahi kumuuliza Ba. Kule walimuuliza tarehe ya kuzaliwa, walimuuliza ana ndugu wangapi, walimuuliza kama ana kifua kikuu. Bi Nora akauliza, "Aliitwa nani?"

"Gauri," Ba akasema.

"Huyu anaitwa Peggy," Bi Nora akasema, akampiga ng'ombe kofi la mapenzi shingoni. "Na haendi mnadani."

"Mama, nimeshapanga na watu..."

"Haendi, Declan."

Sisi tuliolelewa Mombasa tunaijua sauti ya mama wa namna ile. Declan naye aliijua.

Simu haikupigwa. Nilikaa ofisini mwezi mzima nikiruka kila inapolia, mpaka bosi akaniuliza kama nina homa, na haikupigwa. Mwaka uliofuata nilifika getini bila kujua kama katazo lake bado lipo. Geti lilikuwa na kufuli kweli, jipya, linang'aa, na Declan amesimama nyuma yake. Alichungulia ndani ya basi.

"Yule mama kaja?"

"Kaja."

Akatoa ufunguo. Ba aliposhuka akaita kwa Kigujarati, na Peggy akaja kutoka chini ya shamba kama mtoto aliyesikia jina lake. Tangu siku ile ikawa ndiyo ada yetu, na ndiyo mtakayoifuata. Hakuna kulisha ng'ombe shambani. Anakuja mmoja, getini, Declan akiwepo. Anapewa chapati moja, ambayo haina pilipili wala achari. Anapakwa kumkum kavu, bila samli, ile hutoka kwa maji. Ndipo watu wanapita kwenda kwenye mawe.

Ba na Bi Nora hawakuwa na lugha ya pamoja, na sijaona wawili walioongea sana kama wao. Sisi tukila juani kwenye duara, wao walikaa jikoni. Mmoja alimfundisha mwenzake kutia tangawizi kwenye chai, mwenzake akamfundisha kukanda mkate wa magadi. Ba alirudi Stanmore anaukanda, na mwanawe akanipigia simu akilalamika kwamba sasa mama yake hanyamazi, anamgombeza kutwa. Nilimwambia hayo ndiyo uliyoagiza.

Mnaniona naeleza habari za ng'ombe na mmetaka habari za mawe. Mawe yako vitabuni, someni. Lakini mtembeza watu hamiliki kitu chochote anachokionyesha. Kilima si chako, jiwe si lako, bahari ile ya mbali si yako. Unapitishwa tu. Sisi tulikuwa tumejifunza kwa uchungu kwamba nyumba uliyoijenga mwenyewe inaweza kuwa si yako asubuhi, kwa hiyo kupitishwa kwenye geti la mtu, kwa hiari yake, kwetu halikuwa jambo dogo. Wazee wangu walilijua. Hamkuwahi kuwaona wanavyolifunga lile geti wakitoka. Walilifunga wawili wawili, wakalitikisa kuhakikisha.

Bi Nora alifariki kwanza. Mwaka ule Ba alikwenda mpaka jikoni, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, akapika chai mwenyewe, akammiminia Declan. Peggy alikuwa amekwisha kufa, tukawa tunapaka binti yake, kisha binti wa binti. Bwana Seif alistaafu akarudi Pemba kulima karafuu za babake, na kila Idi hunipigia kuniuliza kama bado naanza na choo. Nikapata madereva wengine, wazuri tu, lakini hakuna aliyenitazama kwenye kioo.

Safari yangu ya mwisho Ba hakuwepo. Alikuwa amefariki Stanmore wakati wa baridi, nyumba imejaa wajukuu, nami nilikuwepo. Njia nzima sikujua nitamwambiaje Declan. Tulipofika alikuwa amesimama getini, mzee sasa, nywele nyeupe, magoti mabovu kama ya abiria wangu. Pembeni yake alikuwa na ndama jike mwekundu mwenye baka jeupe, amemshika kamba. Kufuli halikuwepo. Akachungulia ndani ya basi, kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Kisha akanitazama mimi, na sikuhitaji kumwambia chochote.

Nilikumbuka kwamba hata kumkum hatukuwa nayo. Siku zote aliibeba Ba. Wote tulikuwa tumebeba chapati, na hakuna aliyefikiria kubeba ile.

Declan akanipa kamba nishike. Akaingia bandani, akakaa kidogo, akatoka na kopo la rangi nyekundu ambayo wafugaji huwatia kondoo alama. Ile haitoki hata mvua inyeshe msimu mzima, na majirani wote wangeiona. Akachovya kidole gumba, akainama kwa taabu, akampaka ndama katikati ya macho. Alikosea kidogo, ikaenda upande.

"Hivi?" akaniuliza.

"Hivyo hivyo," nikamwambia.

Akafuta kidole kwenye suruali, akatufungulia geti.